Tukitaka kuielewa Uchina, tumsome Zhou Enlai

Katika mjadala wa wanafunzi uliofanyika hivi karibuni katika shule moja ya pande zetu hizi za Sironga, hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba Uchina ni rafiki wa kweli wa Afrika. Waliounga mkono walitaja barabara, uwanja wa Kasarani na reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi. Waliopinga walitaja madeni. Kwa muda wa saa nzima na ushei hakuna Mchina hata mmoja aliyetajwa kwa jina lake isipokuwa Mao, naye alitajwa mara moja tu, kana kwamba angali hai. Taifa la watu zaidi ya bilioni moja lilizungumzwa kama mtu mmoja mwenye mkoba wa fedha, ambaye kila upande ulikuwa ukibishana iwapo anacheka au anakenua meno.

Nilitoka ukumbini nikijiuliza tumewafundisha nini vijana hawa. Katika somo la Historia na Serikali tunawakaririsha Mkutano wa Bandung, tunawaandikia ubaoni malengo ya nchi zisizofungamana na upande wowote, nao wanayaandika tena kwenye karatasi ya mtihani na kuyasahau. Hatuwaambii kwamba siasa za Uchina ziliwahi kufika hapa kwetu Gusii zikiwa juu ya malori, tena usiku.

Mwezi wa Mei mwaka 1965, msafara wa malori kumi na moja uliokuwa na wanajeshi wa Uganda uliingia Kenya ukitokea Tanzania, ukakamatwa na polisi wetu upande huu wa Kisii na Nyanza Kusini. Ndani ya malori mlikuwa na silaha zilizotengenezwa Uchina, uzani wake ukikadiriwa kuwa tani 75 hivi. Nairobi ilitaharuki. Mzee Jomo Kenyatta hakuwa ameombwa ruhusa, na wakati huo serikali yake ilikuwa imekwisha kuanza kumshuku kila aliyekuwa na uhusiano na nchi za kikomunisti, kuanzia na Makamu wa Rais mwenyewe, Jaramogi Oginga Odinga. Ikambidi Milton Obote afunge safari hadi Nairobi kueleza kwamba shehena ilikuwa ya jeshi lake, ilikuwa ikipita tu. Hatimaye malori yaliachiliwa, lakini shaka haikuachiliwa pamoja nayo.

Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Juni, Waziri Mkuu wa Uchina alitua Dar es Salaam kwa ziara ya kumtembelea Mwalimu Julius Nyerere. Akiwa huko alitamka kwamba hali ya mapinduzi ilikuwa nzuri mno katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Pengine masikioni mwa Wachina maneno hayo yalikuwa ya kawaida kabisa, kwa kuwa wao huliita pambano lolote dhidi ya ukoloni mapinduzi. Masikioni mwa serikali changa ya Nairobi, iliyokuwa imetoka tu kuzima uasi wa wanajeshi wake kule Lanet mwezi wa Januari mwaka 1964, na ambayo malori ya Kisii yalikuwa bado yanaitia kiwewe, yalikuwa maneno ya kutisha. Kenya ilijibu kwa ukali, ikitaka kujua ni mapinduzi gani hayo na yangempindua nani.

Mtu aliyeyatamka aliitwa Zhou Enlai. Magazeti ya zamani yaliliandika jina lake Chou En-lai, na mwanafunzi atakayelikuta katika vitabu vya maktaba asidhani ni watu wawili. Nimekuwa nikimsoma mtu huyu kwa miaka mingi, na nimesadiki kwamba hakuna maisha ya Mchina mwingine yanayoweza kutufunulia namna nchi ile inavyotawaliwa, na namna inavyokutana na nchi za watu, kama yanavyofanya ya kwake. Mao alikuwa ngurumo. Zhou ndiye aliyekuwa akitafuta mahali pa kuyaelekeza maji baada ya mvua kunyesha.

Alizaliwa tarehe 5 Machi mwaka 1898 katika mji wa Huai'an, mkoani Jiangsu. Ukoo wake ulikuwa wa makarani na maofisa wa serikali ya kifalme, watu wa kalamu, lakini kufikia wakati wa baba yake neema ilikuwa imekauka. Angali mtoto mchanga, alitolewa kwa ndugu mdogo wa baba yake aliyekuwa mgonjwa mahututi, ili ndugu huyo asife bila mrithi wa kiume. Msomaji wa Kigusii hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kwa hiyo Zhou alikuwa na mama wawili, aliyemzaa na mjane aliyemlea na kumfundisha kusoma, na wote wawili wakafariki kabla hajatimiza miaka kumi na moja. Baba yake alikuwa mbali akitafuta vibarua vya ukarani. Kijana wa miaka kumi ndiye aliyekuwa akibeba vyombo vya nyumbani na kuviweka rehani ili wadogo wake wapate kula, huku akihifadhi heshima ya ukoo mbele ya majirani na jamaa waliopaswa kupelekewa zawadi siku za kuzaliwa kwao. Wanaotaka kujua ni wapi alijifunza kuficha uchungu nyuma ya tabasamu, na kuhesabu kila neno kabla ya kulitoa, waanzie hapo.

Mwaka 1910 ami yake mwingine alimchukua kaskazini mashariki, na mwaka 1913 akaingia katika shule ya Nankai mjini Tianjin, mojawapo ya shule bora za kisasa nchini humo. Huko alisifika kwa insha na pia kwa michezo ya kuigiza. Kwa kuwa shule ilikuwa ya wavulana, na yeye alikuwa na sura ya kupendeza, alipewa aghalabu nafasi za wanawake. Walimu wanaosumbuka kila mwaka na tamasha za maigizo wasidharauliwe. Mwanadiplomasia mkubwa wa karne yake alianzia jukwaani. Baada ya kuhitimu alikwenda Japani mwaka 1917 kutafuta chuo, akaanguka katika mitihani ya kuingilia. Naliandika hili makusudi kwa ajili ya mwanafunzi aliye mahali fulani akiamini kwamba matokeo yake ya mtihani yamefunga hesabu ya maisha yake.

Alirejea nyumbani mwaka 1919 akakuta vijana wa Uchina wamewaka. Mkutano wa amani wa Paris, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikuwa umeamua kwamba mamlaka Wajerumani waliyokuwa nayo katika mkoa wa Shandong yapewe Wajapani badala ya kurudishiwa Wachina wenyewe. Wanafunzi waliandamana Beijing tarehe 4 Mei, na moto huo ukasambaa mijini. Zhou alihariri gazeti la wanafunzi Tianjin, akatiwa korokoroni kwa miezi kadhaa mwaka 1920, na alipotoka akapanda meli kwenda Ufaransa. Alikaa Ulaya miaka minne bila kusoma sana darasani. Alichosoma ni siasa, akajiunga na wakomunisti mwaka 1921, akawa mratibu wa vijana wa Kichina waliokuwa wakifanya kazi viwandani. Miongoni mwao alikuwamo kijana mfupi aliyekuwa akichapa jarida lao kwa mashine ya mkono, jina lake Deng Xiaoping. Tutakutana naye tena.

Tukio hilo la 1919 walimu wenzangu wasilipite haraka. Hadi leo, ukisikia serikali ya Beijing ikisisitiza mamlaka ya nchi na kutoingiliwa, unasikia kidonda cha watu ambao miji yao ya bandari iligawanywa na mataifa ya kigeni kwa karibu karne nzima. Sisi tuliogawanywa Berlin mwaka 1884 na 1885 tungetarajiwa kulielewa hilo upesi kuliko wengine.

Mwaka 1924 Zhou alirudi Uchina akawekwa kuwa mkuu wa idara ya siasa katika chuo cha kijeshi cha Whampoa, karibu na Guangzhou. Mkuu wa chuo alikuwa Chiang Kai-shek. Wakati huo chama cha wazalendo cha Kuomintang na wakomunisti walikuwa wamefungamana ili kuwang'oa wababe wa kivita waliokuwa wameirarua nchi. Mwaka uliofuata alimwoa Deng Yingchao, mwanaharakati mwenzake kutoka Tianjin. Hawakujaaliwa mtoto, wakalea mayatima wa wenzao waliouawa.

Na waliuawa wengi. Aprili 1927 Chiang aliwageuka wakomunisti mjini Shanghai, muda mfupi tu baada ya Zhou kuwaongoza wafanyakazi kuutwaa mji huo kwa niaba ya jeshi la Chiang huyo huyo. Maelfu wakachinjwa. Zhou aliponea chupuchupu. Miaka iliyofuata aliishi Shanghai kwa siri, akibadilisha nyumba na mavazi, akiendesha ujasusi wa chama. Katika kazi hiyo yamo mambo yasiyosimuliwa katika vitabu vya kumsifu. Mwaka 1931, mkuu mmoja wa usalama wa chama alipokamatwa na kuanza kutoa siri, watu wa Zhou waliwaua jamaa za msaliti huyo na kuwazika kisirisiri, wakiwamo wasiokuwa na hatia yoyote. Nalitaja jambo hili kwa kuwa sura ya mzee mpole mwenye suti ya kijivu, iliyoenea duniani baadaye, iliwahadaa wengi.

Kisha ukaja Mwendo Mrefu. Oktoba 1934 jeshi la wakomunisti lilitoroka kutoka kusini likiwa na watu zaidi ya elfu 80. Walipofika kaskazini mwaka mmoja baadaye, hawakuzidi elfu 10 hivi. Njiani, katika mji wa Zunyi, Januari 1935, viongozi walikaa kikao kuchunguza kwa nini wanashindwa. Zhou alikuwa mmoja wa makamanda wakuu watatu. Alisimama akakiri makosa yake, akaunga mkono hoja za Mao Zedong, ambaye kwa cheo alikuwa chini yake. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake, miaka 41 baadaye, hakujaribu kuwa wa kwanza. Wapo wanaosema huo ulikuwa unyenyekevu. Wengine husema ulikuwa woga. Mimi naona kwamba alikuwa ameipima nafsi yake akajua anachoweza na asichoweza, jambo ambalo ni adimu kwa wanasiasa wa nchi yoyote, hata hii yetu.

Desemba 1936 Chiang Kai-shek alitekwa nyara na majenerali wake mwenyewe mjini Xi'an, wakimtaka aache kupigana na wakomunisti awakabili Wajapani. Zhou ndiye aliyetumwa. Hebu mwanafunzi aitafakari hali hiyo: yule aliyewaua rafiki zako yuko kifungoni, na wewe ndiwe unayeingia kuzungumza naye. Zhou alizungumza. Chiang aliachiliwa siku ya Krismasi, na mapatano ya kupigana na Japani pamoja yakapatikana baada ya muda. Hapo ndipo ilipoonekana kanuni aliyoifuata maisha yake yote, ya kumtambua adui mkubwa wa wakati huo na kuahirisha ugomvi na wadogo. Ukitaka kuelewa kwa nini nchi ya kikomunisti ilikuja kumkaribisha Rais wa Marekani mwaka 1972, rudi Xi'an.

Tarehe 1 Oktoba 1949 Jamhuri ya Watu wa Uchina ilitangazwa, na Zhou akawa Waziri Mkuu. Alikuwa pia Waziri wa Mambo ya Nje hadi mwaka 1958. Sasa hapa pana jambo ambalo wanafunzi wetu hukosea, kwa sababu wanachukua mfano wa Uingereza, ambako Waziri Mkuu ndiye mtawala. Nchini Uchina chama ndicho kinachotawala, serikali hutekeleza. Kamati ndogo ya wakuu wa chama huamua, baraza la mawaziri hupokea uamuzi na kuutafutia fedha, watu na njia. Bunge hukutana kuidhinisha. Jeshi nalo ni la chama. Wale waliokuwa watu wazima katika enzi ya Kanu ya chama kimoja watadhani wanaijua hali hiyo, lakini tofauti ni kubwa. Kwetu chama kilikuwa kivuli cha Ikulu. Kwao chama kina mizizi hadi kijijini, kiwandani na chuoni, kikiwa na katibu wake pembeni ya kila mkuu, na mara nyingi katibu huyo ndiye mwenye kauli ya mwisho. Utaratibu huo haujabadilika, ingawa majina na mitaala ya uchumi imebadilika sana.

Kwa hiyo Zhou aliendesha kila kitu bila kuamua kila kitu. Alifanya kazi hadi alfajiri, akisoma taarifa za mavuno, za mafuriko, za mabalozi, akizisahihisha kwa penseli. Wageni waliostaajabia kumbukumbu yake hawakujua kwamba mamlaka yake yote yalining'inia kwenye uzi ulioshikwa na mtu mwingine.

Katika mambo ya nje uzi huo ulilegezwa kidogo, na hapo ndipo kipaji chake kilipochanua. Mwaka 1954, katika mapatano na India kuhusu Tibet, ziliwekwa zile kanuni tano ambazo Beijing huzitaja mpaka leo: kuheshimiana mipaka na mamlaka, kutoshambuliana, kutoingilia mambo ya ndani, usawa na manufaa kwa pande zote, na kuishi pamoja kwa amani. Haidhuru kukumbuka kwamba nchi hizo mbili zilipigana vita miaka minane tu baadaye.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa Bandung. Nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Indonesia kuanzia tarehe 18 Aprili 1955. Kutoka Afrika walikuwapo Misri, Ethiopia, Liberia, Libya, Sudan na Pwani ya Dhahabu. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, Kenyatta yuko kifungoni. Siku saba kabla ya mkutano, ndege iliyokodishwa kuwapeleka baadhi ya wajumbe wa Uchina ililipuliwa kwa bomu angani, wakafa watu 16. Zhou hakuwamo. Alifika kwa njia nyingine, akakuta ukumbi ambamo wajumbe kadhaa walikuwa wakiulaani ukomunisti kuwa ukoloni mpya. Alikuwa na hotuba iliyoandikwa. Akaigawa kwa maandishi, kisha akasimama na kutoa nyingine fupi, ya kutafuta mambo ambayo nchi zile zinakubaliana na kuyaacha kando yale zinazotofautiana. Hali ya ukumbi ikabadilika. Humo ndimo alimojenga ujamaa na Gamal Abdel Nasser, na mwaka 1956 Misri ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufungua ubalozi na Beijing.

Safari yake kuu barani mwetu ilianza Desemba 1963. Kenya ilipopandisha bendera yake usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uchina, Chen Yi, alikuwa Nairobi, na siku mbili baadaye nchi zetu zikaanzisha uhusiano wa kibalozi. Zhou mwenyewe alizuru nchi kumi za Afrika, kuanzia Misri na kumalizia Somalia mwanzoni mwa Februari 1964. Ghana ilikuwa katika ratiba, lakini siku chache kabla Kwame Nkrumah alikuwa amenusurika jaribio la kuuawa. Washauri walitaka ziara ifutwe. Zhou alikataa, akatuma ujumbe kwamba mwenyeji asijisumbue kuja uwanja wa ndege, wakutane ndani ya ngome alimokuwa akiishi. Nchini Ethiopia, Mfalme Haile Selassie, ambaye hakutaka kuwaudhi Wamarekani, alimpokea Asmara badala ya Addis Ababa. Mwingine angenuna. Yeye alipokea alichopewa. Afrika Mashariki nayo ilikuwa ipate zamu yake, ila mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari na maasi ya majeshi ya Tanganyika, Uganda na Kenya yaliyofuata yaliivuruga ratiba.

Ni katika safari hiyo, Ghana na Mali, ndipo alipotangaza kanuni nane za misaada ya Uchina. Wanafunzi wa mjadala wetu wangefaidika nazo kuliko kelele walizopiga. Misaada isiwe na masharti ya kisiasa. Mikopo iwe bila riba au kwa riba ndogo, na muda wa kulipa urefushwe inapobidi. Lengo liwe kumfanya mpokeaji ajitegemee. Wataalamu wa Kichina waishi kwa kiwango kile kile cha wataalamu wa nchi wanayoisaidia, wasidai starehe za ziada. Ukiziweka kanuni hizo mezani kando ya mikataba ya reli yetu ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017 kwa mikopo ya benki ya Uchina ambayo sehemu yake ilikuwa ya masharti ya kibiashara, unaona umbali uliopo kati ya Uchina ya 1964 na Uchina ya karne hii. Sisemi kwamba ile ilikuwa ya ukarimu mtupu. Ilikuwa ikitafuta marafiki wa kuipinga Taiwan katika Umoja wa Mataifa, ikishindana na Marekani na pia na Urusi, iliyokuwa imefarakana nayo. Lakini bei iliyokuwa ikitakiwa kwetu ilikuwa kura, nayo kura hulipwa mara moja.

Kenya haikupata mengi. Odinga alikuwa amekwenda Beijing mwaka 1964 na kuahidiwa fedha, ila malori ya Kisii na maneno ya Dar es Salaam yaliimaliza hamu ya Nairobi. Mwaka 1966 Odinga alijiuzulu. Mwaka 1967 kaimu balozi wa Uchina akafukuzwa. Ugomvi huo haukuwa kosa la Kenya peke yake. Wakati huo Uchina yenyewe ilikuwa imepagawa.

Na hapa napaswa kueleza upande mchungu. Mwaka 1958 Mao alianzisha mpango wa kuirusha nchi mbele kwa pupa, kwa makambi ya wakulima na tanuri za chuma za vijijini. Zhou alikuwa ameonya juu ya haraka, akashutumiwa hadharani, akajikosoa, akanyamaza. Mwaka 1959 Waziri wa Ulinzi, Peng Dehuai, alipothubutu kumwambia Mao ukweli kuhusu njaa, aling'olewa, na Zhou hakumtetea. Njaa hiyo iliua makumi ya mamilioni ya watu. Idadi halisi wanahistoria wanaibishania. Kwamba ndiyo njaa iliyoua watu wengi kupita zote za karne ya ishirini, hawabishani.

Mwaka 1966 yakaja Mapinduzi ya Utamaduni. Vijana wa umri wa wanafunzi wetu wa sekondari waliwapiga walimu wao, wengine wakawaua. Mwalimu yeyote anayesoma habari hizo hulala vibaya usiku. Zhou alitumia cheo chake kuwakinga baadhi ya watu, mahekalu na makumbusho. Alipeleka wanajeshi kulinda kasri la kifalme la Beijing lisibomolewe. Wakati huo huo alitia sahihi hati za kuwakamata wengine, na aliongoza vikao vilivyochunguza wakubwa wenzake. Rais wa nchi, Liu Shaoqi, alifia kizuizini mwaka 1969 bila matibabu ya maana. Binti wa kulea wa Zhou mwenyewe, Sun Weishi, aliteswa akafia gerezani mwaka 1968. Ndugu yake wa damu alitiwa mbaroni mwaka huo huo. Yeye akaendelea kufika ofisini.

Swali la kumuuliza mwanafunzi ni hili: je, angefanya nini? Kama angejiuzulu, au angepinga, angefuata njia ya Peng na Liu, na pengine wale aliowaokoa wangekufa. Kwa kubaki, aliupa utawala ule sura ya busara na kuufanya uweze kuendelea. Mimi nimewahi kumtetea, nikaacha, nikamtetea tena. Kwa sasa naamini kwamba alikuwa na hatia, na kwamba bila yeye hali ingekuwa mbaya zaidi, na sioni namna ya kuitoa kauli moja kati ya hizo mbili. Watumishi wa umma wa nchi nyingi, wanaotia sahihi wasichokiamini ili wabaki mahali ambapo wanaweza kufaa, watajua ninachosema.

Kutoka katika vurugu hiyo ndipo alipofanya kazi yake kubwa ya mwisho. Mwezi wa Julai 1971 alimpokea kwa siri Henry Kissinger. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliirudishia Beijing kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35. Kura nyingi kati ya hizo 76 zilitoka Afrika, Kenya ikiwamo pamoja na chuki zake zote za awali. Mjumbe wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, alionekana akishangilia ukumbini, na Wamarekani hawakumsahau kwa hilo. Februari 1972 Richard Nixon alishuka kutoka ndege yake Beijing akamnyooshea mkono Zhou, katika dunia iliyokumbuka kwamba mwaka 1954 kule Geneva waziri wa Marekani alikuwa hataki kabisa kumpa mkono Mchina huyo.

Mwaka huo huo wa 1972 madaktari waligundua kwamba alikuwa na saratani ya kibofu. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi, na tangu Juni 1974 aliishi hospitalini huku akiendelea kupokea wageni. Alimrudisha kazini Deng Xiaoping, yule kijana wa mashine ya kuchapa, aliyekuwa amefukuzwa. Januari 1975, akiwa amekonda, alisimama mbele ya Bunge akataja mambo manne ya kufanywa ya kisasa: kilimo, viwanda, ulinzi, sayansi pamoja na teknolojia. Ni mpango huo ambao Deng aliuchukua mwaka 1978 na kuijenga Uchina hii inayotujengea barabara.

Zhou alifariki tarehe 8 Januari 1976. Mao hakuhudhuria mazishi. Mwezi wa Aprili, siku ambayo Wachina husafisha makaburi ya wazee wao, umati ulijaa katika uwanja wa Tiananmen na mashada ya maua kwa ajili yake, na kwa njia hiyo ukawalaani wafuasi wakali wa Mao bila kuwataja. Maua yaliondolewa usiku, watu wakapigwa, na Deng akafukuzwa kwa mara nyingine. Mao alikufa Septemba. Mwezi uliofuata wakali wale, mjane wake akiwa mmoja wao, wakatiwa ndani.

Zhou alikuwa ameagiza mwili wake uchomwe na majivu yatawanywe, hivyo hana kaburi. Reli ya Tanzania na Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860, ambayo aliisimamia tangu mapatano ya mwaka 1967 kwa mkopo usio na riba baada ya nchi za Magharibi kuikataa kuwa haina faida, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, miezi sita baada ya kifo chake. Wachina waliokufa wakiijenga wana makaburi. Wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam, kila mmoja chini ya jiwe lenye jina lake.